Kukaribia Si Kudanganya



Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, kinasimulia jinsi fundi Hiramu wa Tiro alivyomsubia mfalme Solomoni vyombo vya shaba kwa ajili ya Hekalu. Sisi tunaoishi Fungurume, juu ya ardhi ya shaba, tunaisoma sura hiyo kwa masikio ya pekee. Kati ya vyombo hivyo palikuwa na birika kubwa la mviringo lililoitwa bahari. Mwandishi mtakatifu anatupatia vipimo vyake: dhiraa 10 kutoka ukingo hadi ukingo, na dhiraa 30 kulizunguka. Kila mwaka, katika somo la kwanza la kozi yetu ya hesabu za ukadiriaji, tunawaomba wanafunzi wafungue Biblia mahali hapo na wakague vipimo hivyo kwa kanuni waliyofundishwa sekondari. Mviringo wenye kipenyo cha 10 una mzingo wa 31.4 na kidogo. Dhiraa moja ni kama sentimita 45, kwa hiyo zimepungua sentimita 60 na zaidi.

Hapo maswali huanza. Je, Biblia imekosea? Je, fundi alimpunja mfalme? Wengine hucheka, wengine huona haya kwa niaba ya mwandishi mtakatifu. Sisi huwajibu kwa swali: ni nani kati yenu aliyewahi kuandika thamani kamili ya pai? Hayupo, wala hatakuwepo, kwa sababu tarakimu zake hazina mwisho. Aliyeandika 3, aliyeandika 3.14, na kompyuta inayoandika 3.141592653589793, wote watatu wamekata mahali fulani. Kinachowatenganisha ni mahali walipokatia, na kama wanajua kwamba wamekata. Mwandishi wa kitabu kile alitaka tuone ukubwa wa chombo, akatupatia namba nzima inayotosha kwa kazi hiyo. Hakutuambia kwamba ni namba ya fundi wa kupima.

Kozi hii tunaifundisha kwa vijana wanaojiandaa kuwa walimu wa hisabati. Hisabati mliyoizoea shuleni hutafuta jibu kamili. Lakini maswali mengi ya dunia hayakubali kujibiwa hivyo: joto linavyosambaa ndani ya tanuru, maji ya mto Lualaba yanavyojikusanya nyuma ya bwawa la Nzilo, ugonjwa unavyoenea kutoka mtaa hadi mtaa. Hapo tunatafuta jibu la karibu kwa hatua nyingi ndogo, tukisaidiwa na kompyuta, na tunajilazimisha kusema jibu hilo liko karibu kiasi gani. Sharti hilo la mwisho ndilo moyo wa kozi nzima.

Ugumu wetu wa kwanza ni wa lugha. Tunafundisha kwa Kifaransa, lakini tunaelezana kwa Kiswahili, na katika Kiswahili neno kosa lina mzigo mzito. Mtoto aliyekosa huomba msamaha. Mkosefu hupiga kifua mwanzoni mwa Misa. Mwalimu akisema kwamba jibu lina kosa la 0.001, mwanafunzi hudhani amekaripiwa. Basi tumezoea kutumia neno pengo: umbali kati ya namba tuliyo nayo mkononi na namba ya kweli tusiyoweza kuifikia. Tunawafundisha kutenga mambo matatu. Kwanza kuna pengo, linalotokana na udogo wetu: mashine ina nafasi chache za tarakimu, rula ina mistari michache, nasi ni viumbe. Pili kuna kosa, mtu anapoandika 7 mahali pa 1 kwa kutoangalia. Tatu kuna uongo, mtu anapolijua pengo lilipo na kulificha. Pengo hutangazwa, kosa husahihishwa, uongo huungamwa.

Kuhusu vifaa, hatuna vya kujivunia. Kompyuta ni chache kuliko wanafunzi, na umeme huja na kuondoka, ingawa kutoka Inga hadi Kolwezi kuna laini kubwa ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1982 na inayopita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Tunatumia programu za bure kama Scilab na Octave, ambazo huwekwa kwenye kompyuta yoyote bila kulipa. Lakini kabla ya kugusa kompyuta tunaiendesha programu kwa miili yetu. Mwanafunzi mmoja ni kumbukumbu, ameshika karatasi yenye namba. Wa pili hugawa, wa tatu hujumlisha na kukata nusu, na wa nne ni msimamizi anayesema lini tusimame.

Tuseme tunatafuta kipeuo cha pili cha 2 kwa njia iliyoandikwa na Heron wa Aleksandria katika karne ya kwanza. Tunaanza kwa kubahatisha 1. Tunagawa 2 kwa 1, tunapata 2. Tunachukua wastani wa 1 na 2, tunapata 1.5. Tunagawa 2 kwa 1.5, tunachukua wastani tena, tunapata 1.4167. Mzunguko wa tatu unatupa 1.414216, ambayo imeachana na ukweli kwa sehemu zisizofika tatu kati ya milioni. Jambo linalowashangaza wanafunzi kila mwaka ni kwamba tulianza na jibu baya, na hapana aliyetudai kuanza na jibu zuri. Njia ilitudai mambo mawili tu: kulipima jibu letu mbele ya swali lenyewe, na kukubali kusogezwa. Ninyi mnaofanya utafiti wa dhamiri kila jioni mnaijua njia hii. Mtu halazimiki kuanza akiwa mtakatifu. Analazimika kujipima kweli, na asigome kusogea.

Kanisa lenyewe limewahi kupita katika darasa hili. Kalenda ya Julius Caesar iliuhesabu mwaka kuwa siku 365.25. Mwaka wa kweli wa majira ni siku 365.2422 hivi. Pengo ni dakika 11 tu kwa mwaka, na nani atagombana kwa ajili ya dakika 11? Lakini pengo hilo liliegemea upande mmoja kila mwaka, bila kurudi, na katika miaka 128 hivi likawa siku nzima. Kutoka Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 hadi karne ya 16 zilikuwa zimekusanyika siku 10, na hesabu ya Pasaka ilikuwa imeachana na jua. Daktari mmoja wa Italia, Aloysius Lilius, alipendekeza marekebisho, na padri Mjesuiti Christopher Clavius akayafafanua na kuyatetea. Papa Gregori wa 13 akaamuru, na mwaka 1582 siku iliyofuata Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikawa Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Mtakatifu Teresia wa Avila alifariki usiku ule ule, ndiyo maana tunamkumbuka tarehe 15.

Jambo la kujifunza ni namna marekebisho yalivyofanywa. Papa hakusema kwamba kalenda ya zamani haikuwa na tatizo. Alitangaza mbele ya dunia nzima kwamba pengo lipo, akataja ukubwa wake, akaziondoa siku 10, kisha akaweka kanuni ya kulizuia lisirudi: miaka inayofunga karne haiwi mirefu isipokuwa igawanyike kwa 400. Kwa hiyo mwaka 1900 haukuwa na Februari 29, lakini mwaka 2000 ulikuwa nayo. Hata kanuni hiyo ina pengo lake dogo, la siku moja katika miaka elfu tatu hivi. Pengo halikuisha, lilipunguzwa, likajulikana.

Kijana asidhani basi kwamba hesabu za namna hii ni kazi ya watu wasiosali. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Louvain na kutoa wazo kwamba ulimwengu ulitoka katika chanzo kimoja na unaendelea kupanuka, alipenda hesabu za mashine maisha yake yote. Ndiye aliyeingiza kompyuta ya kwanza ya elektroniki katika chuo chake, aina ya Burroughs E101, mwaka 1958. Chuo hicho hicho ndicho kilichokuwa mzazi wa Lovanium, chuo kikuu cha Kikatoliki kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954, wakati mji huo ukiitwa Léopoldville. Nanyi wasichana, jueni kwamba Sista Mary Kenneth Keller wa Marekani alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini mwake kupata udaktari wa sayansi ya kompyuta, mwaka 1965, kisha akaanzisha idara ya somo hilo katika chuo cha shirika lake huko Iowa.

Sasa tuseme juu ya pengo lililofichika. Mwambie kompyuta ajumlishe 0.1 mara kumi. Wengi hungoja 1. Atawaandikia 0.9999999999999999. Sababu ni kwamba kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu, na katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haiishi, kama vile kwetu theluthi moja isivyoisha tunapoandika 0.333. Lazima ikatwe. Darasani huwa ni kichekesho. Lakini tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa kuzuia makombora ulikuwa umewashwa kwa saa 100 mfululizo. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ilikuwa imekatwa kidogo mno. Baada ya saa 100 pengo lilifika sekunde 0.34. Kombora lililokuwa likija hupita zaidi ya nusu kilomita kwa muda huo. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Siku chache kabla, watumiaji walikuwa wameonywa kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaleta hitilafu, lakini hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa iliwasili siku iliyofuata. Onyo lisilo na kipimo halikuwasaidia.

Turudi Fungurume. Mnaziona mashine zinazochoronga vilima vyetu na kutoa vipande virefu vya mwamba. Kutoka kila shimo wataalamu hujua kuna shaba na kobalti kiasi gani. Lakini kati ya shimo na shimo hakuna aliyeona kitu. Mwaka 1951 mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, Danie Krige, alionyesha namna ya kukadiria madini ya mahali pasipochimbwa kutokana na mashimo yaliyo jirani, na Mfaransa Georges Matheron akaijengea njia hiyo nadharia na kuipa jina la Krige. Uzuri wake ni huu: pamoja na kadirio, njia hiyo hutoa pia ukubwa wa mashaka. Karibu na shimo mashaka ni madogo, mbali na shimo ni makubwa. Inasema ninavyojua na ninavyokosa kujua kwa pumzi moja. Makampuni makubwa huweka mabilioni juu ya namba hizo, na hayamruhusu mhandisi kuleta kadirio bila mashaka yake.

Lakini mchimbaji mdogo anapoleta gunia lake kwenye depo hapewi heshima hiyo. Huwekwa mizani, kisha huelekezewa kifaa cha mkononi ambacho watu wa hapa hukiita Metorex, na namba moja inatajwa. Kifaa hicho husoma uso wa jiwe, tena mahali padogo. Ukisogeza kidogo, namba nyingine. Jiwe likiwa na maji, namba nyingine. Anayeuza husikia namba moja tu, nayo ndiyo hukumu.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa mwisho, kijana aliyeoa na mwenye mtoto, alitujia jioni baada ya mazoezi ya kwaya. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kusoma kifaa katika depo moja, kwa mshahara ambao mwalimu wa huku angeufikia baada ya miezi kadhaa. Sharti lilikuwa dogo: aandike pungufu kidogo. Naye mwenye kazi, aliposikia kijana huyu amesoma nini, alimwambia kwa kucheka kwamba hata mashine yenyewe hukosea, na wewe umefundishwa hivyo. Kijana akatuuliza: «Mwalimu, ikiwa kila kipimo kina kosa lake, nitajuaje kwamba nimedanganya?»

Lilikuwa swali la kozi yetu wenyewe, limegeuzwa na kuelekezwa kwetu. Tulikaa naye mpaka giza likaingia. Tulimwonyesha hivi. Pengo la kipimo cha kweli huyumba: leo juu, kesho chini. Halijui gunia ni la nani. Ukipima mara nyingi na kuchukua wastani, mapengo hayo hulana yenyewe kwa yenyewe na unasogea karibu na ukweli. Lakini ukiandika pungufu kila mara, hata upime mara elfu, hutasogea. Utabaki mbali kwa kiasi kile kile, upande ule ule, na upande huo una mwenyewe anayefaidika. Pengo halina rafiki. Uongo una rafiki.

Kisha tulipiga hesabu. Tuseme gunia lina kilo 50 na shaba asilimia 6: ni kilo 3 za shaba. Ukiandika 5, umechukua nusu kilo. Magunia 40 kwa siku ni kilo 20. Siku 300 za kazi ni tani 6. Kwa mwenye gunia ni nusu kilo tu, kama zile dakika 11 za kalenda. Lakini tani 6 zimetoka katika migongo ya watu, na kalamu iliyozitoa ni yako.

Alinyamaza, kisha akauliza swali la pili: «Na mtoto atakula nini?» Kwa hilo hatukuwa na kanuni. Hatukuwa na kazi ya kumpa. Tulimwambia tu kwamba hatutamhukumu mtu mwenye njaa, lakini pia hatutaliita jeusi jeupe ili alale vizuri. Tulisali naye, akaenda.

Aliikataa kazi ile. Leo anafundisha katika shule ya kijiji, na mshahara wake huchelewa. Mkewe huuza mkaa. Wenzake waliokubali kazi za namna ile wamejenga nyumba za matofali ya kuchoma. Hatutawaambia kwamba Mungu amemlipa kwa mali, kwa maana hatujaiona mali hiyo. Tunawaambia tulichokiona. Katika darasa lake amewafundisha wanafunzi, ambao wengi ni watoto wa wachimbaji, kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwamba bidoni ya lita 20 iliyojaa maji, ukishajua uzito wa bidoni tupu, ni jiwe la mizani ambalo halikuhongwa na mtu. Amewafundisha kwamba gunia hupimwa mahali patatu kisha hutafutwa wastani. Watoto wamepeleka somo hilo nyumbani. Wazazi kadhaa wamekwenda kuuza wakiwa na bidoni ya maji mkononi. Wengine wamefukuzwa. Wengine wamesikilizwa, na mizani ikarekebishwa mbele yao.

Sheria ya Musa na Kitabu cha Mithali vinasema waziwazi kwamba Bwana huchukizwa na mizani ya udanganyifu na hupendezwa na uzito ulio sawa. Zamani tulidhani hilo ni agizo kwa wachuuzi wa sokoni. Siku hizi mizani imeingia ndani ya vifaa vidogo na programu ambazo wengi hawawezi kuzifungua. Ndiyo maana tunawahitaji vijana waamini wanaozijua hesabu hizi kutoka ndani: wawe walimu, wahandisi, wapimaji na waandishi wa programu. Anayejua pengo liko wapi ndiye anayeweza kumtambua anayejificha ndani yake.

Tunawaachia maswali matatu ya kuzungumza katika vikundi vyenu, iwe ni Xaveri, Kizito-Anuarite au kwaya ya parokia.

Katika kazi, masomo au biashara yako, ni pengo gani dogo ambalo huegemea upande mmoja kila siku, na ni nani anayefaidika nalo?

Unapotoa ahadi, habari au ushuhuda juu ya mwenzako, je, husema pia unavyojua kwa hakika na unavyokisia tu?

Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili mwenye gunia, mwenye unga au mwenye shamba katika parokia yenu aweze kukagua mizani anayopimiwa?

Mungu aliyepanga vyote kwa kipimo, hesabu na uzito atupe moyo wa kupima kweli, na wa kusema tulipoishia. Amina.